Sala Fupi Kazini

Somo: Nehemia 1:1–11, 2:1–8



Ibada yetu ni Ijumaa, kule Ghala. Jumapili, ndugu zetu nyumbani wakiwa kanisani, wengi wetu hapa Al Khoudh tuko kazini. Je, tutamwekaje Mungu moyoni kati ya Ijumaa na Ijumaa?

Nehemia naye alikuwa ugenini, mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani. Mwezi wa Kisleu aliletewa habari mbaya za nyumbani: ukuta wa Yerusalemu umebomoka na watu wake wamo katika dhiki. Alilia, akafunga, akaomba. Lakini kazi hakuiacha. Mwezi wa Nisani, karibu miezi minne baadaye, alikuwa bado akimpa mfalme divai. Mfalme akamwuliza anataka nini. Kati ya swali na jibu, Nehemia alimwomba Mungu (2:4). Hakutoka chumbani kwanza. Alisali palepale aliposimama.

Tujifunze mambo mawili.

1. Sala fupi ina mizizi katika sala ndefu. Sala ile ya kitambo kidogo ilitanguliwa na miezi ya maombi. Tusipotenga muda na Mungu kabla ya kutoka nyumbani, siku ya dhiki tutatafuta maneno tuyakose.

2. Kumkumbuka Mungu si kuisahau kazi. Baada ya kusali, Nehemia alimjibu mfalme kwa mpango kamili: muda wa safari, barua kwa maliwali, miti ya kujengea.

Sisi wauguzi tunalijua jaribu hili. Katikati ya zamu ya usiku inakuja habari: mama amelazwa, pesa zinahitajika leo. Mkono umeshika sindano, akili imeshavuka bahari. Kuendelea hivyo ni hatari kwa mgonjwa. Tumejifunza kuiweka sindano chini na kusema, "Bwana, mama yuko mikononi mwako, na huyu pia." Kisha tunasoma upya jina la mgonjwa, dawa na kipimo. Mkono ukiwa bado unatetemeka, tunamwita mwenzetu ahakiki pamoja nasi. Huo si upungufu wa imani. Hofu haiishi mara moja, lakini hatuibebi peke yetu.

Majirani zetu hukumbushwa sala kwa adhana. Sisi nasi tuchague kitu cha kutukumbusha: muuguzi anaponawa mikono, dereva anapowasha gari, mama anapobandika chungu jikoni, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos anapofungua daftari. Sentensi moja kwa Mungu, kisha kazi kwa akili yote.

Maswali ya kujadili nyumbani

- Ni saa gani ya siku tunamsahau Mungu zaidi?
- Habari gani ya nyumbani imetuelemea wiki hii? Tuitaje mbele za Mungu pamoja na watoto.
- Kila mmoja atatumia kitu gani kujikumbusha kusali?

Tuombe: Ee Bwana, uliyemsikia Nehemia kazini kwake, utusikie na sisi katika kazi zetu. Uwatunze wazee wetu tuliowaacha mbali. Amina.