Mpira wa kichwani haufundishi kutembea

*Shangazi, mwanangu wa kiume alizaliwa na kichwa kikubwa, akawekewa mpira akiwa na miezi 3. Sasa ana mwaka na miezi 7. Anakaa kitako tu, hatambai, na maneno yake ni mawili. Mama mkwe anasema mpira ndio unaomzuia, nikautoe. Tena anadai nilivunja mwiko nikiwa na mimba. Mume wangu kanyamaza. Je, atatembea?*
Mama K., Korogwe

Tuanze na mpira, maana hapo pana hatari. Usiutoe! Ubongo hutengeneza maji usiku na mchana. Mtoto akizaliwa na njia iliyobana, maji hayo hukosa pa kupita, yakajaa na kukisukuma kichwa. Mpira huyashusha tumboni, mwili ukayafyonza. Kazi yake inaishia hapo. Haumfundishi mtoto kutambaa, wala haumzuii.

Yaelekea kilichomchelewesha ni ubongo wenyewe, uliobanwa kabla hajapasuliwa. Kama atatembea, na lini, sitakudanganya kwa kusoma barua. Wapo wanaochelewa wakatembea, wapo wanaohitaji magongo. Ila hilo la “anakaa kitako tu” umeliandika kinyonge mno. Mtoto mwenye kichwa kizito akikibeba mwenyewe, shingo na mgongo vimefanya kazi kubwa. Kusimama dede huanzia hapo.

Muulize daktari wake kuhusu mazoezi ya viungo, na macho yapimwe. Makengeza huwapata wengi wa watoto wenye maji kichwani, na asiyekiona kitu hakifuati. Nyumbani mlaze kifudifudi mkekani mara kadhaa kwa siku, sufuria na kijiko viwe mbele kidogo ya mkono wake. Kelele utazivumilia. Ukimenya viazi, msemeshe, kisha nyamaza umpe nafasi ya kujibu, hata kwa sauti isiyo neno.

Mpira huweza kuziba, hata baada ya miaka. Akitapika mfululizo, akisinzia kupita kawaida, macho yakishuka chini yakashindwa kutazama juu, au akipata homa na wekundu kwenye njia ya mpira, mkimbize hospitali. Usingoje asubuhi.

Kuhusu mwiko, kuvunja mwiko hakubani njia ile. Ipo aina ya maji kichwani ya kurithi, hupita kwa mama ikawapata zaidi watoto wa kiume. Kwa hiyo kabla ya mimba nyingine, mweleze daktari kama kaka yako au mjomba wako alizaliwa hivyo. (Sentensi hiyo usimsomee mama mkwe.)

Mumeo mpe kazi. Kliniki ijayo ambebe mtoto yeye, aulize mwenyewe, asikie kwa masikio yake mpira unafanya nini. Na bibi mtu akitaka kwenda, mpishe kiti cha mbele.