SOMO LA WIKI: Kompyuta kuukuu icheze gemu bila kula mtaji

Likizo za shule zikifika, wazazi wengi wenye maduka hubanwa na ombi lile lile: kompyuta ya nyumbani haichezi gemu, inunuliwe nyingine. Ndugu msomaji, kabla hujafungua droo ya mauzo, piga hesabu kama unavyoipigia bidhaa yoyote: mtaji ni kiasi gani, na ukikwama utauza nini.

Tuchukue Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, mojawapo ya mashine za ofisini zinazouzwa zikiwa zimetumika, yenye prosesa ya Core i5-3470. Watu huidharau kwa umri wake. Hata hivyo, gemu ya GTA V ilipotolewa kwa kompyuta mwaka 2015, prosesa hiyo hiyo ilitajwa katika mahitaji yaliyopendekezwa, pamoja na RAM ya GB 8. Kinachopungua basi ni kadi ya picha, na mara nyingi diski yenye kasi.

Kwenye kadi ndipo fedha inapopotea, nami ni shahidi. Mashine ya kwetu ni ya aina hiyo, ile ya boksi jembamba. Mdogo wangu aliponisumbua sana nilikwenda Kariakoo, nikanunua kadi kubwa iliyotumika kwa kuvutiwa na bei. Kufika nyumbani, haikuingia kwenye boksi, na tena ilidai waya wa umeme ambao pawa saplai yetu haina. Risiti iliandikwa kuwa mali ikishauzwa hairudishwi. Niliiuza baadaye kwa hasara ya karibu nusu, mimi niliyesomea biashara!

Hesabu niliyopaswa kuifanya kwanza ni hii. Pawa saplai ya boksi hilo ni wati 240. Prosesa imekadiriwa wati 77. Kadi ya GTX 1050 Ti, iliyotoka mwaka 2016, imekadiriwa wati 75, na hizo ndizo tundu la kadi kwenye ubao linaweza kuzitoa bila waya wa ziada. Jumla 152, kinachobaki kinatosha diski na feni. Boksi jembamba hutaka kadi ya nusu kimo, wakati lile kubwa, la wati 275, hupokea ya kawaida. Zipo 1050 Ti zilizotengenezwa na tundu la waya wa ziada, hizo ziache.

Aidha, jihadhari na kadi bandia. Ziko kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kuwa 1050 Ti. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, ufungue GPU-Z, programu ya bure ambayo tangu mwaka 2018 inaweza kutambua nyingi kati ya hizo. Akikataa kuiwasha, aga uondoke.

RAM iwe DDR3, maana DDR4 haiingii kabisa. Ukipata vipande viwili vya GB 4 vinavyolingana, vitafanya kazi vizuri kuliko kimoja cha GB 8. SSD haitaongeza ubora wa picha, ila mashine itawaka haraka na gemu hazitachukua muda mrefu kufunguka.

Zaidi ya hapo usitie shilingi. Prosesa hii haina amri za AVX2, kwa hiyo baadhi ya gemu mpya hazifunguki hata uweke kadi ya gharama gani. Windows 11 nayo haiitambui rasmi, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025.

Sababu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitia hofu zaidi, kwani mama yangu alikuwa akiandika madeni ya wateja wake kwenye mashine hiyo hiyo, na vijana hupenda kupakua gemu za wizi zinazokuja na virusi. Kabla fundi hajagusa skrubu, tulinakili daftari lote kwenye flashi mbili, moja ikakaa nyumbani na nyingine dukani. Sasa hesabu zake anaziandikia kwenye kompyuta nyingine. Faili lile lilikuwa na madeni ya miezi minane.