Kuandika Dondoo za Utafiti: Somo kwa Walimu na Wanafunzi wa Sekondari

Baina ya mwaka 1952 na 1953, ugonjwa wa homa uliambatana na maumivu makali ya viungo ulilipuka katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Marion Robinson na W.H.R. Lumsden, ambao taarifa zao zilichapishwa mwaka 1955, walieleza dalili na mwenendo wake. Pamoja na hayo, walihifadhi jina ambalo wenyeji wenyewe waliutumia: chikungunya, neno lenye maana ya kujikunja, kwa jinsi maumivu yanavyompinda mgonjwa. Leo jina hilo linatumika duniani kote.

Hata hivyo, maandishi mengi yaliyofuata yalidai kwamba neno hilo ni la Kiswahili, ilhali ni la Kimakonde. Kosa la aina hii huenea kwa urahisi pale mtu anaponakili maelezo ya mwenzake bila kurejea chanzo. Hapa ndipo umuhimu wa somo letu ulipo: dondoo nzuri huhifadhi maarifa, na dondoo mbaya huhifadhi kosa.

Sehemu nne za dondoo

Wanafunzi wengi huzoea kunakili yaliyoandikwa ubaoni. Dondoo za utafiti ni kazi tofauti, kwa sababu mwandishi hulazimika kuchagua, kufupisha na kuhoji. Mwalimu awaelekeze wanafunzi kugawa kila ukurasa wa daftari katika sehemu nne:

1. Chanzo: jina la mwandishi, kichwa cha maandishi, mwaka na ukurasa, au, kwa mahojiano na uchunguzi, mahali, tarehe na saa.
2. Maneno yenyewe: yale yaliyonukuliwa kama yalivyo, ndani ya alama za mtajo.
3. Muhtasari: maana ya maneno hayo kwa lugha ya mwanafunzi mwenyewe.
4. Swali au wazo: yale yanayomjia mwanafunzi, yakitengwa kabisa na yale aliyoyasoma au kuyasikia.

Mtenganisho huu ndio msingi wa uandishi wa kitabibu pia. Mgonjwa akisema, "Macho yangu yamekuwa ya njano," daktari huandika hivyo hivyo. Akiandika moja kwa moja kwamba mgonjwa ana homa ya ini, huwa amegeuza malalamiko kuwa hitimisho, na atakayesoma jalada kesho huenda asitafute tena sababu nyingine ya umanjano huo.

Zoezi la darasani

Mwalimu aandike ubaoni aya ifuatayo: "Mbu aina ya Aedes, ambao hueneza virusi vya chikungunya, huuma zaidi wakati wa mchana. Hutaga mayai katika vyombo vyenye maji yaliyotuama, kama vile mapipa, makopo na matairi. Mayai yao huweza kustahimili ukavu kwa miezi kadhaa."

Mwanafunzi wa kwanza akinakili aya nzima, hajafanya kosa la ukweli, lakini hajathibitisha kwamba ameelewa. Wa pili akiandika, "Aedes huuma mchana tu," ameondoa neno "zaidi" na kubadili maana; atakayemwamini ataacha kujikinga jioni. Wa tatu akiandika, "Huuma hasa mchana, mayai hubaki hai chombo kikikauka," amefupisha bila kupotosha. Na iwapo katika sehemu ya nne atauliza, "Je, kumwaga maji kunatosha?" amefikia kiini cha utafiti. Jibu ni kwamba hakutoshi: chombo chapaswa kusuguliwa ndani ili kuyaondoa mayai yaliyonata kwenye kuta zake. Ushauri huo wa afya ya jamii umezaliwa na sentensi moja iliyosomwa kwa makini.

Kutoka kitabuni hadi uwanjani

Baada ya zoezi hilo, wanafunzi wachunguze mazingira ya shule. Katika dondoo za uchunguzi, neno "mengi" halina nafasi. Badala ya kuandika, "Kuna makopo mengi yenye wadudu," mwanafunzi aandike: "Nyuma ya jiko, saa 4:20 asubuhi: makopo 7; yenye maji 4; yenye viluwiluwi 2." Asipoona viluwiluwi, aandike 0. Nafasi tupu haituelezi kama alitazama na kukosa, au hakutazama kabisa.

Aandike palepale, kwa kalamu ya wino. Akikosea, apitishe mstari mmoja juu ya kosa na kuandika sahihi pembeni, ili lililofutwa liendelee kusomeka. Kufuta kabisa au kuchana ukurasa huondoa ushahidi wa jinsi hitimisho lilivyofikiwa.

Akiwahoji majirani wa shule, aombe ridhaa kwanza, wala asiandike majina yao kando ya habari za maradhi yao, atumie namba. Mzee akieleza ugonjwa kwa lugha yake ya asili, neno lake liandikwe kwanza kama lilivyotamkwa pamoja na jina la lugha hiyo, kisha tafsiri ifuate chini yake.

Kipimo cha mwalimu

Baada ya juma moja, wanafunzi wabadilishane madaftari. Kila mmoja ajibu maswali matatu kuhusu kazi ya mwenzake: Habari hii imetoka wapi? Yapi ni maneno ya chanzo na yapi ni ya mwandishi? Je, naweza kurudi mahali palepale na kuhesabu upya? Daftari linalojibu yote matatu bila mwenyewe kuitwa kutoa ufafanuzi limetimiza kazi yake. Lisilojibu lirudishwe kwa mwenyewe alisahihishe wakati kumbukumbu ingali hai, kabla takwimu zake hazijaingia katika ripoti ambayo wengine wataitegemea.