Kwa mwenye kisukari wa Mbinga na Nyasa: maharage kwanza, ugali baadaye

Kila nikisoma orodha za vyakula wanazopewa watu wenye kisukari naudhika. Oti za pakiti, mkate wa ngano isiyokobolewa, matufaha, maziwa yaliyotolewa mafuta. Mkulima wa kahawa wa kata ya Ruanda, au mama anayeanika usipa Mbamba Bay, atavipata wapi kila siku? Atanunua pakiti moja msimu wa kahawa, iishe, kisha arudi kwenye ugali wake akiamini lishe ya kisukari ni ya watu wa mjini. Na ugonjwa wenyewe haubagui tena. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa akina McLarty na Swai katika vijiji 6 vya Tanzania, na kisukari kilikuwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikikuta kwa asilimia 9.1 ya wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo na watu waliopimwa havikuwa sawa, lakini pengo hilo ni kubwa mno kulipuuza. Ninachosema ni kwamba chakula cha kumsaidia mgonjwa huyu kimo jikoni mwake tayari. Kinachotakiwa kubadilika ni kiasi cha ugali, na kipi kitangulie kuliwa.

Tuanze na ugali, maana ndipo ubishi ulipo. Robo kilo ya unga, ambayo mtu mzima aliyetoka shamba huimaliza bila shida, ina zaidi ya gramu 170 za wanga, na wanga wote huo hugeuka sukari mwilini. Wapo wanaodhani ukihama kutoka sembe kwenda dona umemaliza kazi. Dona ni bora, ina nyuzinyuzi, lakini imesagwa laini, na rundo la dona bado ni rundo la wanga. Kando ya Ziwa Nyasa husemwa kwamba muhogo hauna sukari. Hautamu mdomoni, ni kweli, ila unga wake karibu wote ni wanga na protini yake ni kidogo sana. Kwa hiyo sibishani kuhusu aina ya unga. Nasema kipande cha ugali kisizidi ngumi ya mlaji.

Sasa mpangilio, na hapa ndipo naomba umakini wako. Chukua bakuli la maharage yaliyochemshwa yakaiva vizuri, chumvi kidogo, mafuta kidogo, na uyale kwa kijiko pamoja na majani ya maboga au matembele. Usipa, mbasa au samaki mwingine aliyepo naye aliwe hapo. Subiri kama dakika 10 au 15, ndipo umege ugali. Mwaka 2015 watafiti wa Weill Cornell, New York, waliwapa watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili mlo uleule kwa siku tofauti. Walipotanguliza mboga na nyama, mkate ukaja dakika 15 baadaye, sukari ya damu saa moja baada ya kula ilikuwa pungufu kwa zaidi ya theluthi. Ni watu wachache, nakubali, lakini hakuna aliyepunguziwa chakula; kilichobadilika ni mpangilio tu. Naye David Jenkins wa Toronto alionyesha mapema miaka ya 1980 kwamba dengu zikiliwa asubuhi, sukari haipandi sana hata kwenye mlo wa mchana. Ndiyo maana napendelea kiporo cha maharage asubuhi badala ya maandazi na chai ya sukari. Wamatengo wa Mbinga hupanda maharage kwenye ngoro, mashimo yao ya kilimo cha milimani, mwezi Machi, na mahindi hufuata msimu unaokuja. Mazao yote mawili yamo ghalani mwao.

Utaniambia ugali na mboga huliwa pamoja, nani ale maharage matupu? Basi pika makande, maharage yakizidi mahindi. Punje nzima humeng'enywa polepole kuliko unga. Utaniambia ugali kidogo haushibishi. Lakini maharage na samaki hukaa tumboni muda mrefu, na anayeanza navyo hufika kwenye ugali njaa ikiwa imepungua. Kuhusu familia inayokula sahani moja, mwenye kisukari apakuliwe pembeni, au wote waanze na maharage, hayamdhuru mtoto. Wauzaji wa unga wa lishe wa nafaka tano "kwa wagonjwa wa kisukari" siwaungi mkono: nafaka tano zikisagwa laini zikawa uji mzito ni wanga uleule, kwa bei ya juu.

Mengine unayajua: soda moja ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, na pombe haisaidii. Lakini kama unachoma insulini au unameza glibenklamaidi, usikate ugali ghafla ukaenda kulima. Sukari inaweza kushuka ukaanguka shambani. Zungumza kwanza na kliniki unakohudhuria, iwe Mbinga mjini, Litembo au Liuli, dozi ipangwe upya. Mwenye tatizo la figo aulize pia kiasi cha maharage kinachomfaa. Kisha pima sukari kabla ya kula na saa 2 baadaye, siku unayotanguliza maharage na siku unayotanguliza ugali, uwapelekee wahudumu wa kliniki namba hizo.