Chupa Iliyoisha Kabla ya Siku Zake

Jioni ya siku ya nne niliipindua chupa ya dawa juu ya kijiko, yakadondoka matone mawili tu. Binti yangu alikuwa na miaka miwili, sikio lake la kushoto lilikuwa limetoa usaha, na daktari alimwandikia amoksilini ya maji: mililita 5 kutwa mara 3 kwa siku 5. Chupa ilikuwa ya mililita 100. Piga hesabu mwenyewe: 5 mara 3 mara 5 ni 75. Dawa ilitakiwa ibaki robo chupa, nami nilikuwa nimebakiwa na siku nzima bila dawa. Tena tangu siku ya pili mtoto alikuwa anaharisha, na mimi nikidhani ni meno.

Kesho yake asubuhi nilimrudisha kituo cha afya. Mfamasia alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Mama, mnampimia na nini?" Nikamwambia kijiko cha chai. Akaniomba siku hiyohiyo nikakilete. Kilikuwa kile kijiko kizito cha bati tunachochotea sukari. Akakijaza maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, taratibu, huku akinihesabia. Mstari wa 5 ukapita na kijiko bado hakijajaa. Kilijaa kwenye 8.

Mwanangu alikuwa amekunywa zaidi ya mara moja na nusu ya kipimo chake kwa siku nne mfululizo. Daktari alimpima, akaturuhusu tumalizie siku iliyobaki kwa kipimo sahihi, na kuharisha kukakoma. Lakini niliumia sana, kwa sababu mkono uliokosea ulikuwa wangu. Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu, na mama mkwe na dada anayenisaidia kazi wote wanaufuata.

Kwanza, kijiko cha jikoni hakigusi dawa ya mtoto. Vijiko vya chai havilingani. Kingine hubeba mililita 3, kingine 8. Naomba bomba dukani, au natumia kikombe kidogo chenye mistari kinachokuja na dawa. Kwa vipimo vidogo bomba ndilo la kuaminika. Likiwa na kifuniko kidogo mbele, kitoe ukitupe kabla hujamsogelea mtoto, maana kinaweza kumkaba kooni.

Pili, soma namba ya nguvu ya dawa. Amoksilini ya maji huuzwa ya miligramu 125 kwa kila mililita 5, na ya miligramu 250 kwa kila mililita 5. Chupa hufanana mno, na ya pili ina nguvu mara mbili ya ya kwanza. Mama aliyezoea ile ya 125 akipewa ya 250 bila kuambiwa, kisha akampimia mtoto kwa mazoea, amemzidishia. Kipimo hufuata uzito, kwa hiyo nenda na kadi ya kliniki na umwombe mhudumu ampime mtoto kwenye mzani siku hiyo. Uzito wa miezi sita iliyopita si wake tena.

Kuchanganya dawa ndiko wengi wanakokosea bila kujua. Chupa huja na unga mkavu chini. Naigonga kwanza kiganjani mpaka unga uachane, kisha natia maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa, kama nusu ya yanayohitajika. Nafunga, natikisa kwa nguvu. Hapo hutokea povu jingi, na povu hudanganya: unaona umefika kwenye alama kumbe maji yenyewe yako chini. Naiweka mezani povu litulie, naongeza maji mpaka kwenye alama kamili, natikisa tena. Maji yakipungua dawa inakuwa kali kupita kiasi. Yakizidi inapungua nguvu. Nikimaliza naandika tarehe kwa kalamu juu ya lebo, kwa sababu siku za dawa kuharibika huanza kuhesabiwa hapo ilipokutana na maji. Nyingi za amoksilini hupewa siku 7. Kuhusu friji, fuata lebo: dawa nyingine lazima zikae humo, nyingine huganda na kuwa nzito ukiziweka. Na kila unapotaka kumpa, tikisa. Unga hutuama, na usipotikisa mtoto atakunywa maji matupu mwanzoni na dawa nzito mwishoni.

Nije kwenye saa, maana hapa lugha yenyewe hutuponza. Tukiambiwa "kutwa mara 3" wengi tunatoa asubuhi, mchana na jioni, halafu usiku mzima unapita bila dawa. Na ukimwambia bibi "mpe kila saa nane", ana haki ya kuelewa kwamba anampa ikifika saa nane. Mama mkwe wangu alielewa hivyohivyo, na sikumlaumu. Sasa nasema "kila baada ya saa nane", na nimebandika karatasi ukutani: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Anayempa anaweka alama hapohapo. Bila karatasi ile, mimi nitampa, na bibi atampa tena kwa upendo.

Kumnywesha nako kuna namna yake. Namkalisha mapajani, mgongo umeegemea kifua changu, kichwa kimeinuka. Ncha ya bomba naielekeza ndani ya shavu, naisukuma kidogo kidogo, kama mililita 1, nasubiri ameze, naongeza. Sitampa tena akiwa amelala chali na wala sitamziba pua ili afungue kinywa, ingawa mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Mtoto anayelia akivuta pumzi dawa humpalia ikaingia njia ya hewa. Siichanganyi kwenye bakuli la uji, maana akiacha nusu ya uji ameacha nusu ya dawa. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, nampa kipimo kingine. Tukisahau, nampa mara ninapokumbuka. Ikiwa muda wa kipimo kinachofuata umekaribia, naacha kile kilichopita. Sijumlishi viwili.

Kuharisha kidogo hutokea na dawa hizi. Mpe maji ya chumvichumvi (ORS) na uendelee kumnyonyesha au kumlisha. Lakini akivimba uso au midomo, akipumua kwa shida, akitokwa na vipele mwili mzima, simamisha dawa mkimbize hospitali. Vilevile akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka. Hapo usingoje asubuhi.

Akichangamka siku ya pili, malizia siku ulizoandikiwa. Na ile robo chupa inayobaki isiwekwe akiba. Jirani yangu aliwahi kuniomba kwa ajili ya mafua ya mwanawe. Nilimnyima, nikamsindikiza kliniki. Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki haiwezi virusi. Kinachojengeka ni usugu wa dawa, siku mtoto akiumwa kweli dawa isimsaidie. Mabaki nayachanganya na majivu ndani ya mfuko, nafunga, natupa na takataka.

Ukienda kuchukua dawa ya mwanao, usiondoke dirishani bila bomba. Mwombe mhudumu akuonyeshe kwa kidole mstari wa kipimo cha mtoto, kisha vuta wewe mwenyewe maji mpaka hapo, mbele ya macho yake.