Ufupisho: Ugonjwa wa Chagas na Moyo

Mtahiniwa, taarifa za ufupisho mara nyingi huhusu afya, mazingira au teknolojia. Usitishike ukikutana na jambo ambalo hujawahi kulisikia, kwani kila unachohitaji kimo ndani ya taarifa yenyewe. Isome mara ya kwanza upate wazo kuu. Isome mara ya pili ukiwa na kalamu, upigie mstari hoja zinazojibu swali. Fanya zoezi hili kabla ya kutazama mwongozo.

Soma taarifa ifuatayo kisha ujibu maswali.

Mwaka 1909, daktari Carlos Chagas alikuwa akifanya kazi Lassance, katika jimbo la Minas Gerais nchini Brazili. Huko aligundua kimelea kipya ndani ya wadudu, kisha akakiona katika damu ya mtoto mdogo aliyekuwa na homa. Alikiita Trypanosoma cruzi kwa heshima ya mkuu wake, Oswaldo Cruz. Kimelea hiki ni cha jamii moja na kile kinacholeta malale barani Afrika. Hata hivyo, malale huenezwa na mbung'o, ilhali ugonjwa wa Chagas huenezwa na mdudu wa jamii ya kunguni ajifichaye katika nyufa za kuta za udongo na mapaa ya nyasi. Usiku, mdudu huyo hufyonza damu ya aliyelala na kuacha kinyesi chenye vimelea karibu na jeraha. Mtu anapojikuna huviingiza mwilini. Aidha, ugonjwa hupitia kwenye damu ya kuongezewa, chakula kilichochafuliwa, na kutoka kwa mama mjamzito hadi kwa mtoto wake.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu kati ya milioni 6 na 7 wameambukizwa, wengi wao wakiwa Amerika ya Kati na Kusini. Licha ya idadi hiyo, ugonjwa huu umo katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa kwa kuwa huwapata hasa maskini. Wengi walio nao hawajui. Miezi miwili ya kwanza huweza kupita kwa homa ndogo tu. Baada ya hapo ugonjwa hunyamaza, pengine kwa miaka 10 hadi 30. Hatimaye, takriban mgonjwa 1 kati ya 3 huharibikiwa na moyo.

Ndiyo sababu madaktari huufuatilia moyo kabla mgonjwa hajalalamika. Nchini Brazili, hatua za ugonjwa hupewa herufi. Katika hatua A, damu huonyesha maambukizi, lakini kipimo cha umeme wa moyo na eksirei ya kifua huwa vya kawaida. Mgonjwa huyu hana dalili, ila hutakiwa kurudi kupimwa mara kwa mara. Katika hatua B, makovu yamechukua nafasi ya misuli ya moyo na umeme wake huanza kukatizwa njiani, ingawa mgonjwa bado hajioni kuwa na dalili. Picha ya mawimbi ya sauti huonyesha kama moyo ungali unasukuma damu ipasavyo (B1) au nguvu zake zimepungua (B2). Katika hatua C, mgonjwa hupumua kwa shida na miguu yake huvimba. Katika hatua D, dawa za kawaida hazimsaidii tena, na huenda akahitaji kupandikizwa moyo mwingine.

Hatari haisubiri hatua ya mwisho. Mapigo ya moyo yaliyovurugika huweza kumuua mtu ghafla, na damu iliyoganda ndani ya moyo huweza kusafiri hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Dawa iitwayo benznidazole huponya karibu kila mtoto mchanga anayetibiwa mapema. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa 2,854 ambao mioyo yao ilikuwa imekwisha kuathirika, ulionyesha kuwa dawa hiyo ilipunguza vimelea katika damu bila kuzuia moyo kuzidi kudhoofika. Kovu halirudi kuwa msuli.

Maswali

(a) Kwa maneno yasiyozidi 40, eleza njia ambazo ugonjwa wa Chagas huenea. (alama 5, 1 ya mtiririko)

(b) Kwa maneno kati ya 50 na 60, fupisha mabadiliko ya hali ya mgonjwa kutoka hatua A hadi D. (alama 8, 1 ya mtiririko)

Mwongozo

Swali (a) lina hoja nne, zote katika aya ya kwanza. Jina la daktari na mwaka wa ugunduzi havikuulizwa. Ukiviandika, utamaliza maneno yako bure.

Swali (b) lina hoja saba. Zote zimo katika aya ya tatu.

Matayarisho:
1. A: damu ina maambukizi
2. Vipimo vya moyo ni vya kawaida
3. B: makovu huchukua nafasi ya misuli
4. Umeme wa moyo hukatizwa
5. Nguvu ya kusukuma damu hupungua
6. C: kupumua kwa shida, miguu kuvimba
7. D: dawa za kawaida hazisaidii

Nakala safi:
Katika hatua A, damu ina maambukizi lakini vipimo vya moyo ni vya kawaida. Katika hatua B, makovu huchukua nafasi ya misuli na kukatiza umeme wa moyo, hata ikiwa mgonjwa hana dalili. Baadaye nguvu ya kusukuma damu hupungua. Hatua C huleta shida ya kupumua na kuvimba kwa miguu. Katika hatua D, dawa za kawaida hazisaidii tena. (Maneno 55)

Tahadhari: Usiandike kwamba mgonjwa wa hatua A "hana ugonjwa". Taarifa inasema hana dalili. Kutokuwa na dalili si kutokuwa na ugonjwa, na ufupisho unaogeuza maana hupoteza alama hata ukiwa na lugha safi. Katika ugonjwa huu, kosa hilo hilo ndilo humfanya mtu aache kwenda kupimwa.