Vazi, Pete na Viatu: Kumrudishia Haki Aliyemaliza Adhabu Yake



Leo naomba ufungue Injili ya Luka 15:11-32. Najua unaijua. Habari ya mwana mpotevu tumeisikia tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Lakini hebu isome tena, na safari hii usikae sana kwa nguruwe wala kwa ndama aliyenona. Angalia vitu vitatu ambavyo huwa tunavipita haraka: vazi, pete na viatu.

1. Ombi ambalo baba alilikataa

Yule kijana alipanga maneno yake akiwa bado mbali. Angekiri kwamba amekosa, angesema hastahili tena kuitwa mwana, halafu angeomba afanywe kama mmoja wa vibarua. Kibinadamu ni ombi zuri tu. Atakula, atalala, atafanya kazi. Mambo ya nyumba hataulizwa.

Sasa angalia mstari wa 21 na 22. Anakiri kosa, lakini lile ombi la ukibarua halipati hata nafasi ya kutamkwa. Baba ameshaanza kutoa maagizo: leteni vazi, pete, viatu. Hayo si mapambo. Katika Mwanzo 41:42 Farao anamvika Yosefu pete yake, na kuanzia hapo Yosefu, aliyetoka gerezani, ana mamlaka katika Misri. Pete ni mamlaka. Vazi ni heshima. Na viatu, kama wafafanuzi wengi wanavyotufundisha, vilimtofautisha mtoto wa nyumba na mtumwa aliyetembea miguu mitupu.

Kwa hiyo baba alifanya mambo mawili. Alimsamehe, na alimrudishia nafasi yake. Sisi mara nyingi tunafanya la kwanza tu, tena tunajisifu.

2. Kibarua katika nchi yake mwenyewe

Nitumie mfano wa mbali kidogo, kwa sababu unaonyesha jambo hili waziwazi. Katika jimbo la Florida, Marekani, kwa miaka mingi mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai alipoteza haki ya kupiga kura, kukaa kwenye baraza la wazee wa mahakama na kugombea uongozi. Kumaliza kifungo hakukumrudishia chochote. Ilimbidi aombe huruma ya gavana na bodi yake. Kwa kanuni zilizowekwa mwaka 2011, alisubiri miaka 5 au 7 baada ya kumaliza adhabu yote ndipo aruhusiwe hata kuomba. Alifanya kazi, alilipa kodi, alisomesha watoto, lakini katika mambo ya nyumba hakuulizwa. Kibarua.

Mmoja wao ni Desmond Meade. Alikuwa na uraibu wa dawa za kulevya, akafungwa, akatoka bila makazi. Mwaka 2005 alisimama kando ya reli mjini Miami akisubiri treni ipite ajitupe. Treni haikuja. Akavuka reli, akaenda kuomba tiba, akarudi shule, na mwaka 2014 akahitimu shahada ya sheria. Mwaka 2016 mke wake aligombea ubunge wa jimbo. Desmond hakuruhusiwa kumpigia kura mke wake mwenyewe!

Yeye na wenzake walizunguka kukusanya saini ili wananchi waamue. Sheria ilitaka saini 766,200, nao wakavuka idadi hiyo. Tarehe 6 Novemba 2018, zaidi ya watu milioni 5, karibu asilimia 65 ya waliopiga kura, walikubali kubadili katiba ya jimbo: aliyemaliza adhabu yake yote arudishiwe haki ya kupiga kura, isipokuwa waliohukumiwa kwa mauaji au makosa makubwa ya kingono. Ilikadiriwa kuwa mlango huo uliwahusu watu wapatao milioni 1.4.

3. Je, deni lilipwe kwanza?

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2019 watunga sheria wa Florida walipitisha sheria kwamba adhabu haijaisha mpaka mtu alipe faini, ada za mahakama na fidia zote. Kesi ikaenda mahakamani, na Septemba 2020 mahakama ya rufaa ikaikubali sheria hiyo kwa majaji 6 dhidi ya 4.

Hapa Mkatoliki anaweza kujiuliza swali la haki kabisa: kwani si Kanisa lenyewe linafundisha malipizi? Ndiyo. Katekisimu namba 1459 inatufundisha kwamba ondoleo linafuta dhambi lakini haliponyi madhara yote ambayo dhambi imeleta, hivyo ni lazima kutengeneza, kama vile kurudisha kilichoibwa. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8), na Yesu hakumwambia aache. Aliyeumizwa ana haki zake pia, na msamaha unaomsahau yeye una kasoro.

Lakini kumbuka unapoungama. Padre anakupa malipizi ambayo unayajua na unayaweza. Namba 1460 inasema yazingatie hali ya mtu. Hajawahi kukuambia, "Nenda kalipe, ila kiasi chenyewe sikijui." Kumbe huko Florida ndivyo ilivyokuwa kwa wengi. Jaji wa kwanza aliyesikiliza kesi hiyo alionyesha kwamba serikali yenyewe mara nyingi ilishindwa kumwambia mtu anadaiwa kiasi gani. Mwenye fedha alilipa akapita, maskini akabaki nje, wote wakiwa wamemaliza kifungo kilekile. Malipizi ni njia ya kurudi nyumbani. Yakigeuzwa kuwa ukuta kwa asiye na kitu, yamepoteza maana yake.

Tena tuwe wakweli: baba wa mfano wetu hakumrudishia kijana mali aliyoitapanya. Alimwambia mkubwa kwamba vyote vilivyobaki ni vyake (mst. 31). Matokeo ya kosa yalibaki. Kilichorudi ni uana.

4. Kaka mkubwa

Kaka mkubwa hakukataa mdogo wake asile. Kilichomuuma ni sherehe, yaani kuona amepokewa kama mtoto. Angalia mstari wa 30: hamwiti ndugu yake, anamwita mtoto wa baba yake. Na baba anamsahihisha polepole katika mstari wa 32: ni ndugu yako. Swali lote la haki za waliotoka gerezani liko kwenye maneno hayo mawili.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko alilielewa hili. Alhamisi Kuu ya mwaka 2013, wiki chache tu baada ya kuchaguliwa, aliwaosha miguu vijana waliofungwa katika gereza la watoto la Casal del Marmo, Roma. Katika hati ya kutangaza Jubilei ya 2025 aliziomba serikali zifikirie msamaha kwa wafungwa na mipango ya kuwarudisha katika jamii. Na tarehe 26 Desemba 2024 alifungua Mlango Mtakatifu ndani ya gereza la Rebibbia.

5. Na sisi je?

Wewe na mimi hatutungi sheria za Florida. Lakini tuna jumuiya ndogondogo, tuna kwaya, tuna VIWAWA.

Katika jumuiya yetu kuna kaka aliyerudi baada ya kumaliza kifungo. Kupanga viti yeye, kufagia yeye, msibani kuchota maji yeye. Ulipofika uchaguzi, mama mmoja akapendekeza jina lake kwa nafasi ya katibu. Kimya. Kisha mtu akasema, "Tumemsamehe, lakini uongozi hapana." Mzee mmoja akauliza taratibu, "Alipokuwa anabeba viti, kuna aliyemuuliza alifungwa kwa nini?" Hakuna aliyejibu. Jina likaandikwa pamoja na mengine, kura zikapigwa, na hakushinda. Lakini alishindwa kama mwanajumuiya yeyote anavyoshindwa, na wiki iliyofuata alikuja.

Sisemi tuache busara. Aliyeiba fedha, si lazima kesho apewe ufunguo wa sanduku la sadaka, na aliyeumiza watoto asiwekwe karibu na watoto. Busara inaangalia kazi na hatari yake. Ubaguzi unaangalia mtu na kumfungia kila mlango. Tujifunze kutofautisha.

Maswali ya tafakari

- Kuna mtu ninayesema nimemsamehe, lakini namtaka abaki kibarua?
- Aliyetoka gerezani mtaani kwetu ninamwita kwa jina lake, au kwa kosa lake?
- Katika kikundi chetu, ni pete gani, vazi gani au viatu gani tunaweza kumrudishia mtu wiki hii?

Tusali

Ee Baba mwenye huruma, ulitupokea tuliporudi, hukutuacha tusimame mlangoni. Uwatazame waliomaliza adhabu zao na bado hawana sauti. Uwafariji walioumizwa na makosa yao. Utuondolee moyo wa kaka mkubwa, utufundishe kusema "ndugu yangu". Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tafakari njema, na Jumapili tukutane Misani.